Sura ya Tano: Barua Isiyokuja

"Kaka, barua ya kuthibitishwa kazini hapa hutoka mwezi wa ngapi?"

"Haitoki, mdogo wangu."

"Haitoki vipi? Miezi sita imekwisha wiki iliyopita. Nimekwenda kwa meneja kuuliza, akanitazama tu."

"Kabla miezi haijaisha alikuita akakwambia lolote? Alikupa karatasi?"

"Hakuna."

"Basi wewe ni mwajiriwa wa kudumu tangu wiki iliyopita. Hongera."

Maneno kama haya husemwa katika treni za laini ya buluu zinazokwenda Hjulsta na Akalla, treni zinazowapeleka watu nyumbani Rinkeby, Tensta, Husby na Kista baada ya zamu za usafi, za jikoni na za nyumba za wazee. Stockholm ina watu wetu wengi wa namna hiyo: Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi, Waganda, na Wasomali waliokulia Kismayo, Barawa au Mombasa ambao Kiswahili chao ni cha utotoni. Wengi wao wamepita au watapita katika kile ambacho Waswidi hukiita provanställning, yaani ajira ya majaribio.

Anayeuliza swali la barua ana sababu yake. Amekulia mahali ambapo kuthibitishwa kazini ni karatasi yenye muhuri. Mtumishi wa umma Tanzania hukaa katika kipindi cha matazamio akiisubiri barua hiyo, na Kenya mtu hukwambia "bado niko probesheni" hata kama ameingia kazini mwaka juzi. Mwajiri akinyamaza, maana yake bado hujawa mtu wao. Unaendelea kufanya kazi, unaendelea kuogopa, na kila ukikohoa unajiuliza kama kibarua hakijaota nyasi.

Sheria ya Uswidi imekigeuza kimya hicho kikamfanyia kazi mfanyakazi. Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu, na sijaona mahali ambapo maneno hayo yametimia kama katika kifungu cha 6 cha Sheria ya Ulinzi wa Ajira, namba 80 ya mwaka 1982, ambayo watu wote nchini huiita kwa ufupi LAS. Kifungu hicho kinasema ajira ya majaribio inaweza kudumu miezi 6, isizidi. Mwajiri au mwajiriwa asiyetaka kuendelea lazima aseme kabla muda haujaisha. Asiposema, ajira inakuwa ya kudumu papo hapo, bila barua, saini wala kikao. Usiku wa siku ya mwisho unalala mtu wa majaribio, asubuhi unaamka mwajiriwa kamili.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu wengi wetu tunafika katika nchi hii tukiwa tumebeba swali moja, nalo ni sababu. Kwa nini naachishwa? Nimekosa nini? Katika miezi 6 ya kwanza Uswidi, swali hilo kwa kawaida halina jibu mbele ya sheria. Swali lenye jibu ni la tarehe.

Tuchukue mfano. Dada mmoja anaajiriwa na kampuni ya usafi, na mkataba wake unasema majaribio yanaanza tarehe 2 Machi kwa miezi 6. Siku yake ya mwisho ya majaribio ni tarehe 1 Septemba. Kifungu cha 31 cha LAS kinamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha, iwe katikati ya majaribio au mwisho wake, amjulishe angalau wiki 2 kabla. Kwa hiyo, kama mwajiri hataki dada huyu aendelee baada ya Septemba 1, anatakiwa awe amemwambia kufikia Agosti 18. Katika wiki hizo 2 anaendelea kufanya kazi na mshahara wake unaendelea.

Je, mwajiri akichelewa, akamwambia Agosti 27? Hapa ndipo watu hukosea, na mimi mwenyewe nilidhani vibaya kwa muda mrefu. Kuchelewa huko hakumfanyi awe wa kudumu. Majaribio yanakwisha vilevile, ila mwajiri amevunja utaratibu na anaweza kudaiwa fidia. Lakini mwajiri akijisahau kabisa, akamwita ofisini Septemba 2 kumwambia kwamba hawatamchukua, amechelewa kwa namna nyingine kabisa. Jana yake dada alikuwa wa majaribio. Leo ni wa kudumu. Kumtoa sasa kunahitaji sababu ya msingi inayoweza kusimama mahakamani, na notisi isiyopungua mwezi 1. Mwajiri aliyeshindwa kesi akakataa kumrudisha kazini anaweza kulipishwa mishahara ya hadi miezi 16, na hiyo ni kwa mtu aliyekaa chini ya miaka 5. Tofauti ya usiku mmoja ina thamani ya mishahara ya miezi mingi.

Mameneja wanaoijua sheria huandika tarehe hiyo kwenye kalenda zao. Kinachonisumbua ni kwamba wafanyakazi wetu wengi hawaiandiki kwenye zao.

Kabla ya tarehe, hata hivyo, kuna karatasi yenyewe. Majaribio hayaji bila kutajwa. LAS inaanza na dhana kwamba kila ajira ni ya kudumu mpaka ikubaliwe vinginevyo, na anayedai kuwa kulikuwa na makubaliano ya majaribio ni juu yake kuonyesha. Tangu tarehe 29 Juni 2022, mwajiri anatakiwa kukupa kwa maandishi, ndani ya siku 7 tangu uanze kazi, mambo ya msingi ya ajira yako, yakiwemo kama uko kwenye majaribio na kwa muda gani. Tafuta maneno matatu. Ukiona tillsvidareanställning, uko kwenye ajira ya kudumu. Ukiona provanställning, ni majaribio, na hesabu ya miezi 6 imeanza. Ukiona särskild visstidsanställning, ni ajira ya muda maalumu, ambayo ina hesabu yake nyingine: ukifikisha jumla ya zaidi ya miezi 12 kwa mwajiri mmoja katika kipindi cha miaka 5, inageuka kuwa ya kudumu. Mtu aliyepewa hiyo ya tatu akadhani ni majaribio anaweza kusubiri mabadiliko mwezi wa saba na asiyaone.

Jambo jingine la kuelezwa kwa haraka: kuwa kwenye majaribio hakukupunguzii haki nyingine za kazi. Mshahara ni wa makubaliano yaleyale, ukiugua unalipwa kwa kanuni zilezile za mwajiri na za bima ya jamii, na ukiondoka unalipwa likizo uliyoivuna, ambayo kwa hesabu ya kawaida ya sheria ni asilimia 12 ya mapato yako. Wengi huondoka kwa aibu na kuacha pesa hizo mezani. Usiondoke bila karatasi ya mwajiri inayoonyesha muda uliofanya kazi, kwa sababu mfuko wa bima ya ukosefu wa kazi unaweza kuidai. Na ukitaka kuondoka mwenyewe, jua kwamba anayeacha kazi kwa hiari bila sababu nzito husubirishwa kabla ya kulipwa na mfuko huo, wakati aliyeachishwa na mwajiri kwa kuwa majaribio hayakuendelea hahesabiwi kuwa ameacha.

Turudi kwenye sababu, maana hapo ndipo penye uchungu.

Mtu amefanya kazi miezi 4. Hajachelewa hata siku moja. Anaitwa chumbani, anaambiwa kwa upole kwamba wameamua kusitisha majaribio. Anauliza kosa lake. Anajibiwa kwa tabasamu kwamba hakuna kosa, ni kwamba "haikukaa sawa". Upole huo huumiza kuliko ukali. Kwetu mtu akifukuzwa hugombezwa, na katika kugombezwa huko hujua alipoteleza. Hapa anatoka na mfuko wake wa nguo za kazi, anasimama kwenye kituo cha basi, na hana cha kumweleza mama yake kwenye simu.

Sheria inamruhusu mwajiri kufanya hivyo. Kwa mwajiriwa wa kudumu, tangu Oktoba 2022 sheria inadai kile kinachoitwa sakliga skäl, sababu za msingi, iwe ni upungufu wa kazi au mwenendo wa mtu mwenyewe. Kwa mtu wa majaribio sharti hilo halipo.

Lakini ipo mipaka ambayo hata majaribio hayaivuki, na msomaji wangu aishike hii kwa mikono miwili. Sheria ya Ubaguzi, namba 567 ya mwaka 2008, inamlinda mtu tangu anapoomba kazi. Inataja misingi 7: jinsia, utambulisho wa kijinsia, kabila au asili, dini au imani, ulemavu, mwelekeo wa kimapenzi, na umri. Mwajiri anaweza kukuachisha bila kutaja sababu, ila hawezi kukuachisha kwa sababu hizi. Mwanamke aliyesema Jumatatu kwamba ni mjamzito na kuachishwa Ijumaa hana haja ya kusoma moyo wa mwajiri. Akionyesha mazingira yanayofanya ubaguzi udhaniwe, kama ukaribu wa tarehe hizo mbili, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri, naye ndiye atakayetakiwa kueleza ile sababu aliyokuwa hataki kuisema. Kesi za wajawazito wa majaribio zimefika Mahakama ya Kazi ya Uswidi na waajiri wamelipishwa. Vivyo hivyo, sheria ya likizo ya wazazi ya mwaka 1995 inakataza mtu kuadhibiwa kwa kwenda kulea, na sheria ya mwaka 1976 ya ushiriki wa wafanyakazi inakataza kumwachisha mtu kwa kuwa amejiunga na chama.

Kuhusu dini, kipo kisa kinachofahamika sana. Agosti 2018 Mahakama ya Kazi ilitoa hukumu juu ya mwanamke Mwislamu aliyeomba kazi ya ukalimani katika mji wa Uppsala, kaskazini ya Stockholm. Kwenye usaili alikataa kumpa mkono mwanamume kwa sababu ya imani yake, akaweka mkono kifuani badala yake, na usaili ukakatishwa. Mahakama iliamua kwamba alibaguliwa, akalipwa kronor 40,000. Huyo hakuwa hata ameajiriwa. Akina dada wa Pwani wanaoishi Rinkeby na kuambiwa kwamba kwenye majaribio "huna haki yoyote" wanapaswa kukijua kisa hiki.

Mahakama hiyo ya Kazi imekuwapo tangu mwaka 1929, na leo inakaa katika Gamla stan, mji mkongwe wa Stockholm, hatua chache kutoka kwenye maduka ya watalii. Watu wetu hupita nje ya mlango wake wakiwapeleka wageni kutazama kasri la mfalme, bila kujua kwamba ndani ndimo zinapokatwa kesi zinazohusu mkate wao.

Usione vyaelea, vimeundwa. Ulinzi huu haukushuka pamoja na theluji. Mwaka 1906 wafanyakazi na waajiri wa Uswidi walifikia mapatano ya Desemba: waajiri walikubali kwamba wafanyakazi wana haki ya kujiunga na vyama, na wafanyakazi wakakubali kwamba mwajiri anaajiri na kufukuza apendavyo. Haki hiyo ya kufukuza iliingizwa katika kifungu cha katiba ya chama cha waajiri ambacho baadaye kilijulikana nchi nzima kwa namba yake, 32. Mwaka 1932 Mahakama ya Kazi ilitamka kwamba huo ndio msingi wa jumla wa sheria ya kazi. Kwa miongo kadhaa, basi, mfanyakazi yeyote wa Uswidi, awe na miaka 20 kazini, alikuwa na hali inayofanana na ya mtu wa majaribio wa leo.

Mambo yaligeuka mwaka 1974, chini ya serikali ya Olof Palme, LAS ya kwanza ilipoanza kutumika na kudai sababu ya kumwachisha mtu. Na hapa pana jambo ambalo hata Waswidi wengi wamelisahau: sheria hiyo ya kwanza haikumpa mwajiri ruhusa ya jumla ya kuajiri kwa majaribio. Majaribio yaliruhusiwa pale tu vyama vilipokubali katika mkataba wa pamoja. Ruhusa ya miezi 6 kwa wote iliingia na sheria mpya ya mwaka 1982, wakati wa serikali ya Thorbjörn Fälldin. Mwaka 1994, serikali ya Carl Bildt iliurefusha muda huo kuwa miezi 12. Wademokrasia wa Kijamii waliporudi madarakani waliurudisha kuwa miezi 6 kuanzia Januari 1995, na hapo ndipo ulipo mpaka leo. Ile miezi 12 ilidumu mwaka mmoja tu. Lakini mtu aliyeanza kazi katika mwaka huo mmoja alisubiri mara mbili ya mwenzake aliyemtangulia.

Nayasimulia haya kwa kuwa tunapofika ugenini tunaiona sheria ya nchi kama hali ya hewa, kitu cha kuvalia koti na kuvumilia. Miezi 6 ni idadi iliyopigiwa kura. Iliwahi kuwa sifuri na iliwahi kuwa 12.

Sasa tutazame nyumbani, maana si kweli kwamba Ulaya inatuzidi kila mahali. Uganda, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, majaribio ni miezi 6 yanayoweza kuongezwa kwa ridhaa ya mwajiriwa, na notisi ni siku 14, sawasawa na Uswidi. Tanzania Bara, kwa sheria ya mwaka 2004, mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kazini hapati ulinzi ule wa kuachishwa isivyo haki, ingawa kanuni za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri amwelekeze, amtathmini na amsikilize mtu wa majaribio, na zinaruhusu majaribio yafike hata miezi 12. Kongo, kwa Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002, kibarua asiye na ujuzi maalumu hawezi kujaribiwa zaidi ya mwezi 1, na wengine wasizidi 6. Ninaipenda hiyo ya Kongo. Kujua kama mtu anaweza kufagia ghala hakuchukui nusu mwaka.

Ila la Kenya ndilo linalonifanya niandike sura hii kwa moto. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iliweka majaribio ya miezi 6 yanayoweza kuongezwa mingine 6, notisi ya siku 7, na ikasema wazi kwamba haki ya kusikilizwa kabla ya kufutwa kazi haimhusu mtu wa majaribio. Mwaka 2021 jopo la majaji wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi lilitamka kwamba sehemu hiyo inakwenda kinyume cha Katiba ya mwaka 2010. Hoja yake haihitaji wakili kuieleza: mtu wa majaribio naye ni mfanyakazi, na Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa uadilifu. Akitaka kuachishwa, aambiwe sababu na asikilizwe.

Kwa maoni yangu majaji hao wa Kenya waliona jambo ambalo Bunge la Uswidi halijataka kuliona. Mwajiri anayejua sababu yake haipotezi kwa kuisema. Anayeificha huwa ama hana, ama anayo isiyosemeka. Na katika jiji ambalo jina la mtu, kilemba chake na lafudhi yake vinaingia chumbani kabla yake, ukimya wa mwajiri juu ya sababu unamwacha mgeni akijishuku nafsi yake yote: rangi, dini, Kiswidi chake kibovu, au kweli kazi yake. Mswidi aliyeachishwa husema "haikuwa kazi yangu" akaenda kwingine. Mgeni hubeba swali hilo hadi kwenye usaili unaofuata, na linaonekana usoni.

Sheria haikumwacha peke yake kabisa, hata hivyo. Kifungu kilekile cha 31 kinampa haki ya kuketi na mwajiri kujadili uamuzi huo, na kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mwajiri lazima akiarifu chama chake papo hapo, nacho kina haki ya kuketi pia. Kikao hicho hakimlazimishi mwajiri kubadili nia. Lakini mtu anayeulizwa maswali na mwakilishi wa chama mezani husema mambo ambayo hakuyasema mlangoni, na yakisemwa yanaandikwa. Kesi ya ubaguzi inaweza kuanzia kwenye mistari michache ya kikao kama hicho.

Ndiyo maana nikiulizwa ushauri mmoja tu kwa mtu aliyefika jana, namwambia ajiunge na facket, chama cha wafanyakazi, katika mwezi wake wa kwanza. Anayefanya kazi nyumba za wazee au kuendesha basi aende Kommunal. Msafishaji aende Fastighets. Wa hoteli na mikahawa ana chama chake, wa ofisini ana Unionen, muuguzi ana Vårdförbundet. Watu wetu husita kwa sababu ya ada ya kila mwezi, na wengine kwa kuogopa kwamba mwajiri atawaona wakorofi. Nchini Uswidi karibu wafanyakazi 7 kati ya 10 ni wanachama. Mkorofi ni nani hapo? Tena hakuna sheria ya kima cha chini cha mshahara katika nchi hii. Mishahara inapangwa na mikataba ya pamoja kati ya vyama na waajiri, na baadhi ya mikataba hiyo hurefusha notisi ya majaribio hadi mwezi mzima. Mkataba wako ukiwa na ahadi bora kuliko sheria, ahadi hiyo ndiyo inayotumika.

Kujiunga baada ya kuachishwa ni kutafuta mwavuli mvua ikiwa imekwisha kukulowesha. Vyama vingi havichukui mgogoro ulioanza kabla ya uanachama. Na mlango wa mahakama nao si mmoja kwa wote. Chama kinaweza kulipeleka shauri la mwanachama wake moja kwa moja Mahakama ya Kazi, na vyama vilivyo katika mashirikisho ya LO na TCO vina shirika lao la wanasheria, LO-TCO Rättsskydd, hapahapa Stockholm. Asiye mwanachama anaanzia mahakama ya wilaya, kwa gharama zake, na akishindwa anaweza kulipa gharama za upande wa pili. Anayeamini kwamba amebaguliwa anaweza kupeleka malalamiko kwa Diskrimineringsombudsmannen, mchunguzi wa serikali wa mambo ya ubaguzi, bila malipo, ila ofisi hiyo huchagua yenyewe kesi za kupeleka mbele. Muda nao ni adui. Fidia chini ya LAS hudaiwa ndani ya miezi 4, na madai mengine yana muda mfupi zaidi, wiki tu.

Wapo wawili ambao sura hii inawagusa kwa namna ya pekee. Wa kwanza ni aliyeajiriwa moja kwa moja na familia kufanya kazi nyumbani kwao, kupika, kufua au kulea watoto. LAS haimhusu. Yeye yuko chini ya sheria ya kazi za nyumbani ya mwaka 1970, na asidanganywe wala asijidanganye kwa kusoma vifungu vya wengine. Aliyeajiriwa na kampuni ya usafi inayompeleka kwenye nyumba za watu yuko chini ya LAS kama kawaida, hata kama anashinda jikoni kwa mtu mchana kutwa.

Wa pili ni aliyeingia nchini kwa kibali cha kazi. Kwake kuachishwa kunagusa mkate na pia ruhusa ya kukaa. Katika miaka 2 ya kwanza kibali kimekuwa kikifungwa kwa mwajiri na aina ya kazi, na kanuni iliyozoeleka imekuwa kumpa miezi 3 ya kutafuta kazi nyingine. Mtu huyu huvumilia mengi kimya kimya, na waajiri wabaya wanalijua hilo. Kwake yeye chama ni cha lazima kuliko kwa mtu mwingine yeyote katika jiji hili, na asisubiri siku ya mwisho kuuliza.

Basi, ndugu msomaji, kama wewe au mwanao mko kwenye majaribio sasa hivi, toeni mkataba usiku huu. Tafuteni tarehe ya kuanza, hesabuni miezi 6, iandikeni siku ya mwisho kwenye karatasi na muibandike mlangoni. Rudini nyuma wiki 2 na muiandike tarehe hiyo nayo. Kuanzia leo mhifadhi kila ujumbe wa simu kutoka kwa meneja, kila ratiba ya zamu, kila sifa aliyokuandikieni. Mkiitwa ofisini, ombeni uamuzi kwa maandishi na mwakilishi wa chama awepo. Na siku ya mwisho ikipita bila mtu kusema neno, msiende kuuliza barua. Nendeni kazini.